Bonde Katika Ubao Mdogo

Msafiri atokaye Pwani, akifika Mto Athi na kushika njia ya Namanga, hupokewa na Kitengela: maghorofa, nyua za mawe na vibao vya viwanja vinavyouzwa. Sisi tuliolelewa kando ya bahari tumezoea kutazama mbali, na mji huo hutubana. Nafasi hupatikana upande wa pili wa Kaunti ya Kajiado, pale barabara ya Magadi inapopita Kona Baridi. Hapo ardhi huporomoka ghafla, na Bonde la Ufa hutandazwa hadi mlima Olorgesailie.

Mahali kama hapo humfaa mchoraji wa rangi za mafuta. Ubao wake huwa mdogo wa kupakatwa, kwani jua la saa tatu si jua la saa nne, na kivuli hakimngoji mtu. Milima ya mbali huipaka samawati iliyofifia. Nyasi za karibu huzipa hudhurungi iliyokolea. Rangi hizo hazikauki upesi, hivyo picha hubebwa ikiwa mbichi ndani ya sanduku.

Mwaka 1909 Akseli Gallen-Kallela, mchoraji wa Ufini, alikuja Kenya pamoja na mkewe Mary na watoto wao, Kirsti na Jorma. Kabla ya kurejea kwao alichora takriban picha 150, na nyanda na milima aliyoiona imo humo.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliachwa wazi upande wa kusini ili wanyama wapite kwenda nyanda za Kitengela. Sasa viwanja na nyaya vinaziba mapito hayo, na Mmaasai mwenye ng'ombe huzunguka penye njia aliyoirithi.

Jamaa zetu nao wamejenga huko. Kutafuta makao si kosa. Ila tuwafunze watoto kutazama kabla ya kununua. Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Basi bonde ni somo lisilo na shaka kwa mabinti na wavulana wetu. Picha haizuii ua kujengwa. Lakini aliyelikalia bonde saa nzima, akilipima kwa jicho, siku atakapopata kiwanja atauliza kwanza: mifugo na nyumbu watapita wapi?