Kutoka Mtoni hadi Tandale kwa Sauti ya Simu

Nilikuwa nampeleka shangazi Tandale kwenye arobaini. Kwetu Mtoni kwa Azizi Ali, mgeni huelekezwa hivi: fuata mashine ya kusaga, ukiona mwembe uliza. Safari hii nilibandika simu kwenye dashibodi, nikaandika "Tandale kwa Mtogole", na mstari wa buluu ukajichora hadi huko.

Tulipoingia Barabara ya Mandela, mwanamke wa ndani ya simu akaanza kutuamuru kwa Kiingereza. Shangazi akashtuka.

"Mwanangu, huyu anatuona?"

Hatuoni, nikamjibu. Setilaiti za GPS zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000 hutangaza saa na mahali zilipo. Simu husikiliza tu. Ni kama kuamka gizani ukasikia adhana za misikiti minne: kwa jinsi kila sauti inavyochelewa kukufikia, unajua uko mtaa gani. Simu nayo huhitaji setilaiti nne. Kusikiliza huko hakuli bando. Kinachokula bando ni ramani usipoipakua mapema.

Pale Tazara tulipita chini ya daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018. Kwenye kioo cha simu hapakuwa na juu wala chini, barabara zote zimelala pamoja. Ubungo, kwenye barabara za ghorofa za Kijazi, mshale ukasita, nami nikaamua kufuata vibao. Kisha yule mwanamke akatamka "Shekilango" kwa namna ambayo shangazi alicheka mpaka Sinza.

Tandale ndiko nilikoduwaa. Vichochoro ambavyo bajaji hupita kwa kubanana vilikuwa ndani ya simu! Ramani niliyotumia ni ya OpenStreetMap, na hapo Tandale wanafunzi na wakazi walitembea na vipokezi vya GPS mwaka 2011, wakichora njia, visima na maduka. Mradi wa Ramani Huria ukaendeleza kazi hiyo katika kata nyingine za jiji kuanzia 2015.

Simu ikatangaza tumefika, mbele yetu ukuta mtupu. Kijana wa bodaboda akanyoosha kidole: "Msiba uko nyuma hapo, mama, pitieni kwa fundi cherehani."

Kwa barabara kuu na mitaa migeni, simu naiamini. Nawe ukisafiri, pakua ramani nyumbani, mwachie abiria ashike simu, na ukifika kijiweni, salimia kwanza kisha uulize.