Mwenye Jengo ni Nani?

Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019 shule zilikuwa zimefungwa, nami nalikuwa nimekwenda kumjulia hali mjomba wangu, mwashi mstaafu. Televisheni ikatuonyesha kanisa kuu la Notre-Dame, mjini Paris, likiteketea. Ilipokaribia saa tatu usiku kwa saa zetu, mnara wake mwembamba uliinama, ukakatika, ukaangukia ndani ya moto. Mjomba alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, jengo hili lilikuwa halina mwenyewe?"

Nalimjibu kwamba yamkini mwenyewe ni Papa. Nalikosea, na kosa hilo likanifanya nisome habari za kanisa lile kuliko nilivyopata kusoma katika chuo cha ualimu.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1163, ukachukua karibu miaka 200. Mapinduzi yalipotokea mwaka 1789, mali ya Kanisa ilitwaliwa na taifa. Jengo likachakaa hata Victor Hugo alipoandika hadithi yake mwaka 1831, watu wakaona haya. Na mwaka 1845 bunge likakubali kutoa faranga 2,650,000. Hazikutosha. (Fedha za kutengeneza kitu kikongwe hazitoshi kamwe, muulize yeyote aliyepata kubomoa ukuta wenye ufa.) Kisha ikaja sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali. Tangu hapo jengo ni mali ya serikali, na Kanisa limepewa kulitumia tu.

Basi mwenyewe alikuwako, tena tajiri. Walakini kabla ya moto serikali ilitoa kiasi cha euro milioni 2 kwa mwaka, hali mwaka 2017 matengenezo yaliyohitajiwa yalikadiriwa kuwa ya euro milioni 150. Mvua na moshi vilikuwa vimeyala mawe; baadhi ya sanamu zitemazo maji ya mvua zilikuwa zimeanguka, na mahali pake pametiwa mabomba ya plastiki. Ikawabidi wenye kusali humo wapeleke bakuli lao hata Marekani.

Niliposoma hayo nalikumbuka shule yetu. Maktaba yetu ni chumba cha mawe cha zamani, nami ndimi katibu wa kamati iliyoomba fedha za kutengeneza paa lake. Naliandika barua tatu kwa mkono wangu, na kila jibu lilisema tungoje mwaka ujao wa fedha. Usiku mmoja wa masika upepo ukachukua mabati, vitabu vikalowa vikavimba kama mikate. Wiki ile ile yakaja magari matatu, wakubwa wakapigwa picha, na mabati mapya yakapatikana. Nalishukuru kwa dhati; lakini naliwaza mabati hayo yalikuwa wapi barua zangu zilipofika.

Hata Paris yalikuwa hayo hayo. Baada ya moto, watu 340,000 kutoka nchi 150 walitoa au kuahidi euro milioni 846. Ikakatwa mialoni kiasi cha 2,000, mafundi wakaichonga kwa mashoka kama wazee wao, na tarehe 7 Desemba 2024 milango ikafunguliwa. Wako Wafaransa walionung'unika kwamba fedha za mawe zimepatikana kwa siku chache, na maskini huambiwa hazina ni tupu. Sikubali kwamba mawe yaachwe yaanguke, lakini manung'uniko hayo siwezi kuyakanusha.

Mwezi wa Oktoba 2024 waziri wa utamaduni alipendekeza kila mtalii alipe euro 5 aingiapo Notre-Dame, fedha hizo zikaokoe makanisa mengine, maana huko vijijini makanisa mengi ya kale ni mali ya halmashauri ndogo zisizo na kitu. Wakuu wa Kanisa wakakataa kuutoza mlango wa nyumba ya Mungu. Mimi nawaunga mkono. Mjomba hakubali. "Mbona Gedi tunalipa?" asema. Nalimwambia kwamba Gedi hapasaliwi tena. Akacheka, akasema mvua haiulizi.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea shuleni. Aligonga ukuta wa maktaba kwa fundo la kidole, akasikiliza, akagonga tena. Akaniambia kwamba upande wa mvua lipu imekwisha achana na mawe. Nimeanza kuandika barua ya nne.