Kinachomrudisha Mchezaji

Katika maisha yangu yote ya kubuni gemu nimeshikilia msimamo mmoja: mchezaji hurudi kwa sababu anahisi ameanza kuielewa gemu, na zawadi ni nyongeza tu. Nimeutetea mbele ya wakubwa waliotaka kila hatua imwagiwe sarafu na nyota, na ushahidi wangu wa kwanza umekuwa Tetris. Alexey Pajitnov aliibuni mjini Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, kompyuta isiyo na uwezo wa kuchora picha, hivyo vipande vyake vikaundwa kwa alama za mabano. Haina hadithi wala shujaa, na kasi huzidi mpaka mchezaji azidiwe. Lakini kosa lake hubaki pale pale kwenye skrini, tundu lililofunikwa, naye anajua ni kipande kipi alichokiweka vibaya. Anaanza upya akiwa na shabaha. Pointi zinahesabu tu ujuzi ambao macho yameshauona. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 inafuata njia hiyohiyo: adui wa kwanza anakuja taratibu, asiyeruka hufa, na hasara yake ni sekunde chache. Kushindwa kukiwa rahisi hivyo, mtu hachoki kujaribu.

Pingamizi zito ni masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu. Watu huyalipia na kuyafungua tena na tena bila kujifunza lolote, na hawaondoki. Ni kweli, na ndiyo maana mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari. Ila ondoa pointi, Tetris inabaki Tetris. Ondoa zawadi, sanduku halina kilichobaki. Kumnasa mtu na kumvutia ni kazi mbili, na ile ya kwanza siioni kuwa ya heshima. Wengine hunitajia Minecraft, isiyompangia mchezaji lengo lolote. Hata hivyo usiku wake wa kwanza unafundisha vikali: giza linaleta maadui, na asiyejijengea kibanda anaelewa mara moja kwa nini alihitaji kimoja. Akishaelewa, malengo anajiwekea mwenyewe. Kwa hiyo kila nilipopewa fedha za kuongeza zawadi, niliomba zitumike kunyoosha dakika za mwanzo za gemu, ili anayeshindwa aone papo hapo alipokosea.