Dalali na Biskuti Nyeusi

Kazi yangu ni macho. Katika soko la Mabibo, lile ambalo Dar es Salaam nzima inaliita Mahakama ya Ndizi, dalali anayeuliza mizani iko wapi bado hajawa dalali. Lori linaingia alfajiri kutoka Tukuyu, limetembea zaidi ya kilomita 800, turubai linafunuliwa, nami nasimama pembeni nikiangalia. Huu mkungu bei yake hii. Huu umeanza kuchoka. Ule wa chini umebanwa, ukikaa mpaka kesho haumpati mtu. Mwenye mzigo anapomaliza kujinyoosha mgongo, mimi nimeshamaliza hesabu. Watoto wangu wamekula na kusoma kwa jicho hili. Kwa hiyo nikisema kwamba nimebadilishwa na biskuti, tena za chokoleti na minti, najua wenzangu watacheka. Wacheke.

Aliyezileta nyumbani ni shemeji yangu, dada wa mke wangu. Alikuwa mpishi kwa Wazungu, Masaki. Mabosi wake walipenda sana After Eight, vile vipande vyembamba vya chokoleti vyenye minti ndani ambavyo Waingereza walianza kuvitengeneza mwaka 1962, na kila Desemba walimtaka awaokee biskuti zenye ladha hiyo. Mkataba wao ulipokwisha wakarudi kwao, shemeji akahamia kwetu na begi moja na daftari la mapishi. Mke wangu ana cherehani yake, mchana hashikiki. Mimi soko likishatulia narudi kulala. Shemeji akaniangalia nikijinyoosha kwenye kochi, akasema, “Shemeji, mwanaume mzima unalala saa saba mchana? Njoo unishikie moto.”

Nikaingia jikoni kwa mlango wa mkaa. Oveni hatuna. Tuna sufuria kubwa nzito, ndani yake mchanga mkavu uliochekechwa, juu ya mchanga tunaweka sinia la bati, tunafunika, kisha tunapalia makaa juu ya kifuniko. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyooka mkate wa kumimina na keki za Idi, chini moto na juu moto. Kazi yangu ilikuwa kupunguza na kuongeza makaa, na kusema zimeiva au bado. Hapo ndipo jicho langu lilipogota.

Biskuti ya kawaida inakusemesha. Vileja vikiiva pembeni vinabadilika rangi, nankhatai inapasuka juu na kuwa ya dhahabu, unatoa. Lakini kinyunga chenye kakao ni cheusi tangu kikiwa kibichi. Kikiiva ni cheusi. Kikiungua ni cheusi pia, na habari unaipata ulimini. Nikafunua kifuniko, nikatazama kama ninavyotazama mkungu, sikuona kitu. Na biskuti ikitoka motoni bado ni laini. Inakauka ikishapoa, kwa hiyo hata ukiigusa kwa kidole inaweza kukudanganya. Shemeji hakunitazama mimi. Alitazama saa ya ukutani. Alikuwa amekata kinyunga kwa unene mmoja, vipande vyote uzito mmoja, na alijua zinataka dakika ngapi. Akasema, “Toa,” nikatoa, zilikuwa zimeiva.

Kile kitu kiliniudhi. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga sokoni kwangu amenishinda kwa saa na mizani ndogo ya betri ya Kariakoo.

Mapishi yenyewe hayana siri. Ngano gramu 250, kakao ya unga 50, siagi 150, sukari 120, kiini cha yai kimoja, bekingi pauda robo ya kijiko cha chai, na chumvi kiduchu. Unakanda kidogo tu. Ukikanda kama chapati zinakuwa ngumu. Unasukuma, unakata viduara, vinatoka kama 40. Viwili viwili vinashikana kwa krimu: sukari ya unga gramu 200, siagi 60, arki ya minti. Arki ndiyo kesi. Matone machache yanatosha. Ukiongeza kwa kukadiria, wanao watakuuliza kwa nini leo umewapa mswaki badala ya chai. Mabibo minti ni ya dawa ya meno na ya peremende za kwenye daladala, na bado kuna majirani ambao hawajanisamehe kwa hilo. Nimejaribu pia mnanaa wa sokoni, ule wa kutia kwenye chai. Mbichi unatoa maji na krimu inalegea. Ukaushe kivulini, uusage na sukari, na harufu yake ni ya upole zaidi. Wazee wa mtaa wanaupokea huu kuliko arki.

Kuna jambo binti yangu anayesoma sayansi alinieleza ambalo lilinipendeza. Minti haipozi chochote. Ndani yake mna mentholi, nayo inagusa kwenye neva ule mlango mdogo unaoshtuka ukiguswa na baridi, ubongo unaletewa taarifa ya baridi isiyokuwepo. Wataalamu walioutambua mlango huo, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 kwa utafiti wao wa jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Mimi hapo nikaona biashara. Februari ya Dar es Salaam inafahamika. Chokoleti halisi inayeyuka kwenye nyuzi kama 34, chumba chenye jiko la mkaa hakiko mbali na hapo, ndiyo maana hatupaki chokoleti nje ya biskuti zetu, kakao yote tunaificha kwenye kinyunga. Lakini mtu akitafuna chini ya bati la moto anahisi ubaridi mdomoni. Hiyo haihitaji friji wala Luku.

Basi nikaanza kupima. Kwanza unga, halafu mkaa, halafu nikanunua daftari nikaandika kila biskuti imekula shilingi ngapi. Sikuwahi kujua bei halisi ya kitu chochote nilichouza maishani. Nilijua bei ya kununulia na ya kuuzia. Katikati palikuwa na ukungu, na dalali anaishi kwenye ukungu huo. Jicho la dalali lina upande. Halisemi uongo, ila likisita, linasitia mfukoni kwake.

Mke wangu ndiye aliyeliona badiliko kabla yangu. Zamani nilikuwa nikitoa noti mfukoni, nampa “hizi za leo.” Sasa akiuliza namwambia kiasi, na kilichobaki, na kilikokwenda. Aliacha kuuliza mara mbilimbili. Sokoni nimeweka mizani ya kuning'iniza. Mkulima na mteja wakibishana juu ya mkungu, naupandisha. Si kila mara inanifaa. Kuna siku kilo zimeninyima nilichokuwa nimeshakila kichwani. Vijana wa kushusha mizigo wamenibatiza jina la Wakala wa Vipimo, na wakiniona wanauliza lumbesa zao nitazikagua lini.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba kakao ilikuwa jirani yangu siku zote. Kule Kyela, chini ya Tukuyu, miti ya kakao inakua chini ya migomba; mgomba ndio unaoikinga na jua ikiwa michanga. Madereva wangu wanapakia ndizi jirani na mashamba hayo, na mimi nilikuwa nashughulika na kivuli tu. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno ya Ivory Coast na Ghana kuharibika. Kopo langu la kakao Kariakoo, ambalo linatoka ng'ambo, likapanda nikanung'unika. Wiki hiyo hiyo mkulima mmoja wa Kyela ananipigia simu ana furaha, kakao yake imekwenda vizuri mnadani, anaezeka nyumba. Nilimpongeza, lakini kwa taabu.

Baadaye alikuja mwenyewe na lori la ndizi. Nikampa biskuti. Akatafuna, akauliza kama kweli hii ndiyo ile kakao. Nikamwambia ni kakao, ila si yake. Akachukua ya pili, akaipasua katikati, akakwangua krimu yote kwa ukucha, akala vile viduara viwili vikavu.

“Nitengenezee kumi hivi nipeleke nyumbani,” akasema. “Hiyo dawa ya meno waachie wenyewe.”

Nikafungua daftari. Bila krimu, bei ya kila moja inashuka kwa shilingi 95, kumi ni 950. Alikuwa amelipa bei ya zenye krimu, nikamhesabia chenji mkononi mpaka sarafu ya mwisho. Akaigeuzageuza, akaniuliza tangu lini dalali wa Mabibo anarudisha hamsini.