Mzee wa Rosterman na Mashimo ya Dhahabu

Mtu afikaye mjini Kakamega na kuuliza njia ya Rosterman hasumbuki, kwa maana kila mwendesha bodaboda na kila mama auzaye mboga sokoni anaijua. Lakini ukiwauliza jina hilo limetoka wapi, wengi watakujibu kwamba ni mtaa tu kama mitaa mingine. Si jina la Kiluhya wala si la Kiswahili. Ni jina la kampuni ya Wazungu, Rosterman Gold Mines, iliyochimba dhahabu mahali hapo tangu 1935 hata 1952, na katika miaka hiyo kumi na saba ikatoa ardhini zaidi ya aunsi 250,000, yaani karibu tani nane. Wasomaji wapakiao miwa watafahamu upesi uzito huo. Dhahabu yote ya Rosterman ingebebwa na lori moja kwa safari moja, wala lori lenyewe lisingeonekana limejaa.

Yaliyobaki nyuma ya lori hilo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Nilipokwenda niliona misingi ya saruji iliyopasuka, kuta zilizoota nyasi, na vilima vya mchanga wa kijivu ambao hauoti kitu cha maana. Nyumba ziko nyingi na watoto wa shule ni tele, lakini hao ni watu waliokuja baadaye. Mji wenyewe wa kampuni, uliokuwa na nyumba ya mashine, ofisi, nyumba za mabwana juu ya kilima na safu za vyumba vya wafanyakazi zilizoitwa laini, umekwisha. Waliokaa ndani yake wamekufa, ama wamerudi kwao. Amesalia mmoja. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba hivyo, akasema kwamba jina likiingia gazetini huvuta wageni, na wageni wa Rosterman siku zote wametaka kitu kimoja tu. Nitamwita Mzee, kama majirani zake wamwitavyo.

Mzee anakaribia miaka tisini. Alizaliwa katika laini. Baba yake alitoka Maragoli, ambako tangu zamani watu ni wengi na mashamba ni membamba, akaja na kipande chake shingoni ndani ya kijaluba cha bati kuomba kazi wakati kampuni ilipokuwa changa. Alipewa kazi ya kutoboa mwamba kwa nyundo na mtaimbo ili baruti itiwe ndani ya tundu. Mshahara, asema Mzee, ulikuwa shilingi nane kwa tikiti ya siku thelathini, baadaye kumi, pamoja na posho ya unga na maharagwe. Tikiti ilihesabu siku ulizofanya kazi, si siku za kalenda. Ukiugua, tikiti inakungoja.

Nilimwuliza kama baba yake alipata kuiona dhahabu. Akacheka sana. "Mjukuu wangu, baba yangu aliona mawe. Mawe meupe, mawe meusi. Dhahabu waliiona wale waliokuwa na funguo."

Jambo hili lafaa kuelezwa, kwa sababu wengi hudhani kwamba dhahabu hukaa ardhini katika mabonge kama viazi. Katika mwamba wa Rosterman ilikuwa imetawanyika katika mishipa ya mawe meupe magumu, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mawe yalipandishwa juu, yakapondwa na nyundo za mashine mpaka yakawa unga, kisha unga ukachanganywa na maji na kupitishwa penye dawa ili dhahabu ikamatwe. Dawa hizo ni zebaki na sianidi, na zote mbili ni sumu. Unga uliobaki ndio ule mchanga wa kijivu.

Nyundo hizo hazikupumzika, mchana wala usiku. Mzee asema kwamba watoto wa laini walilala kwa mlio huo kama watoto wengine walalavyo kwa wimbo wa mama, na ilipotokea mashine ikasimamishwa usiku kwa matengenezo, vyumba vyote vilijaa vilio vya watoto wachanga. Wakubwa nao walitoka nje kutazama kuna nini. Kimya kilikuwa ndicho kelele kwao.

Sasa yafaa kurudi nyuma kidogo, maana Rosterman haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka wa 1930 Serikali ya Koloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, ikatamka kwamba ardhi zilizotengwa kuwa hifadhi ni za Waafrika milele. Sehemu yoyote ikitwaliwa kwa kazi ya umma, sharti itolewe nyingine badala yake, na wenyeji waulizwe kwanza. Mwaka uliofuata Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, akaona dhahabu katika nchi ya Kakamega. Wakati huo bei ya mahindi ilikuwa imeanguka dunia nzima, nzige walikuwa wamekula kilichosalia, na walowezi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa katika madeni. Wakaja kwa mamia na mahema yao na karai zao, wakaweka vigingi katika mashamba ya watu. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi ya kuchimbwa madini iliweza kuondolewa katika hifadhi kwa kulipa fedha, bila kutoa ardhi nyingine, na bila kulazimika kupata shauri la baraza la wenyeji. Huko London jambo hilo lilizusha maneno makali bungeni mapema mwaka wa 1933, lakini marekebisho yalibaki palepale. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuheshimu karatasi. Hata hivyo nakiri kwamba nilipozisoma tarehe hizo mbili, moja chini ya nyingine, niliweka kalamu chini kwa muda.

Mzee hakumbuki habari za sheria, maana zilitangulia kuzaliwa kwake. Anachokumbuka ni wazee wenye mashamba. Baba yake alikuwa mgeni mahali pale, naye mtoto alielewa mapema kwamba chumba chao kilisimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Asema alikuwako mzee mmoja wa jirani aliyekuja mara kwa mara, akasimama kando ya nyumba ya mashine bila kusema na mtu, kisha akaenda zake. Watoto wakamdhihaki kuwa ana wazimu. Mama yake Mzee akawachapa wote pamoja, wake na wa wenzake, akawaambia kwamba kaburi la baba wa yule mtu liko chini ya saruji ile. Msomaji aliye Mluhya hahitaji kuelezwa maana ya kaburi uani kwa mtu.

Alipofikia umri wa miaka kumi na mitatu hivi, Mzee naye akapata kazi. Mitaimbo ya kutobolea mwamba hupoteza makali upesi, basi wavulana waliwekwa kuichukua kutoka midomo ya mashimo na kuipeleka kwa mhunzi, kisha kuirudisha ikiwa imenolewa. Kila shimo lilikuwa na namba yake na kila mtaimbo ulitiwa alama ya shimo lake. Ukirudisha mahali pasipo pake, nyapara alikukata mshahara. Kwa miaka mitatu kijana yule alizunguka mashimo yote, makubwa na madogo, yaliyokuwa yakitumika na yaliyokwisha kuachwa, akawasikia waliotoka chini wakisimulia wapi mwamba ni imara, wapi mchanga unateleza, na wapi maji yanatiririka. Nawaomba wasomaji walishike neno hilo, kwa maana tutalirudia.

Mwaka wa 1952 mgodi ukafungwa. Bei ya dhahabu ilikuwa imewekwa dola 35 kwa aunsi tangu 1934, na baada ya Vita Kuu ya pili kila kitu kilipanda isipokuwa bei hiyo. Migodi mingi duniani ilibanwa vivyo hivyo. Watu wa laini hawakuelezwa hayo. Waliona tu kwamba mizigo inatoka na hakuna inayoingia. Kisha usiku mmoja nyundo zikasimama, na asubuhi hazikuanza tena. Mzee asema usiku ule hakuna aliyelala, na safari hii watoto hawakulia. Labda walihisi kwamba wakubwa wanasikiliza.

Pampu nazo zikanyamaza. Mgodi wa chini sana huishi kwa pampu, kwa maana maji ya ardhini hayaachi kuingia, na Kakamega ni nchi ya mvua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yakapanda katika mapango yale, ngazi baada ya ngazi. Mabati na mbao vikaondolewa. Wengi wakafunga mizigo wakaenda makwao au mijini. Baba yake Mzee hakwenda, kwa kuwa shamba alilolikimbia Maragoli lilikuwa limekwisha gawanywa na ndugu zake. Akapanda migomba nyuma ya chumba, na hapo ndipo Mzee alipo hata leo, ingawa chumba chenyewe kimeanguka na kujengwa upya mara mbili kwa udongo.

Basi twende kwenye jambo lenyewe. Dhahabu haikwisha ilipokwisha kampuni. Siku hizi vijana wa Kakamega huchimba kwa mikono, Rosterman na Ikolomani na kwingineko, na akina mama huponda mawe na kuosha unga kwa karai, wakishika zebaki kwa vidole vitupu. Sheria ya madini ya 2016 imewatambua wachimbaji wadogo, na hilo ni jema. Makampuni nayo yamerudi kutafuta: mwaka wa 2020 Shanta Gold ilinunua haki za utafiti za nchi hii kutoka kwa Barrick, na baadaye ikatangaza hazina kubwa Isulu na Bushiangala. Maswali ya fidia na kuhamishwa ni yaleyale waliyouliza babu zetu. Lakini kijana mwenye sururu hangoji majibu. Huchimba penye dalili, na dalili nzuri mara nyingi iko karibu na mahali walipochimba wa kwanza. Hapo ndipo kifo kilipo. Mashimo huporomoka wakati wa mvua, na habari hizo magazetini zimekuwa za kawaida mno. Tena kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa juu: mtu akitoboa ukuta wa pango la zamani lililojaa maji, maji hayo hayampi nafasi ya kupanda kamba.

Vijana humjia Mzee usiku na sukari robo kilo, wakimwomba awaonyeshe mshipa ulipita wapi. Yeye huwaonyesha maji yalipo. "Wanakasirika," aliniambia. "Wanadhani nawaficha. Mmoja aliniuliza, Babu, dhahabu hiyo utakwenda nayo kaburini? Nikamwambia, mjukuu wangu, mimi nataka wewe usiende nayo."

Nilimwuliza kama kuna mtu aliyepata kuandika mashimo hayo kwa namba na mahali. Akasema hakuna aliyemwuliza. Kwa hiyo siku ya pili nilikuja na daftari na kijana mmoja wa kuhesabu hatua, tukaanza kazi. Mzee hatembei upesi, lakini hakusita hata mara moja. Namba moja iko nyuma ya kiosko cha mkaa, imefunikwa kwa magogo yaliyooza. Namba mbili na namba tatu aliyazungushia makonge kwa mikono yake mwenyewe miaka mingi iliyopita, baada ya ng'ombe kutumbukia, na makonge yamekuwa kichaka ambacho mbuzi hapiti. Namba nne limejazwa takataka na kudhaniwa jaa la kawaida. Namba tano hakutaka tulisogelee. Alisimama mbali akanyosha fimbo, akasema kutoka hapo kwenda upande wa machweo, hatua mia moja, chini ni maji matupu. Nikaandika.

Tulikwenda hivyo mpaka saa nane, mawingu yakiwa yamekwisha kukusanyika kama kawaida ya nchi ile. Namba tisa haikuonekana. Palikuwa na shamba zuri la mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele, na mwenyewe, mama wa makamo, alikuwa akipalilia huku watoto wawili wakicheza mwisho wa shamba. Mzee alimsalimu, wakaulizana hali za nyumbani, kisha akaomba ruhusa ya kuingia. Akapita kati ya mistari polepole, akihesabu kwa midomo, akasimama penye mahindi mafupi yenye rangi ya manjano. Akapiga chini kwa fimbo. Akahama hatua mbili akapiga tena, na mara hii sote tuliusikia mlio mwingine.

Mama yule aliwaita watoto wake watoke upande ule. Alipowashika mkono wote wawili, akamwuliza Mzee namba kumi iko wapi.