Wazi Tangu Lini?

Mama yangu ni fundi cherehani, Tanga. Wauza samaki walikuwa wakimlalamikia kwamba noti zinalowa ndani ya mifuko ya aproni. Akabandua kitambaa cha mwavuli uliovunjika, akakishona ndani ya mfuko. Wiki haikuisha, mafundi wenzake wakawa wanafanya vilevile. Aliponung'unika, nilimjibu kwa kiburi cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria: "Mama, hilo liko wazi. Mwavuli si unazuia maji?"

"Wazi tangu lini?" aliniuliza.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika miliki bunifu, na swali lake nalikuta kila ninapogeuza ukurasa. Marekani haitoi hataza kwa uvumbuzi ulio dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani husika. Mwaka 1851 Mahakama ya Juu ya huko ilikataa hataza ya vitasa vya mlango vya udongo: kuweka udongo mahali pa mbao au chuma, ilisema, ni kazi ya fundi stadi, si ya mvumbuzi. Mwaka 1952 sharti hilo likaandikwa katika sheria. Rufaa kuhusu vitambaa hupita humohumo. Mkaguzi husema kitambaa kilijulikana na sifa yake ilijulikana. Mwombaji hujibu kwamba ni rahisi kuliona jambo ukishaonyeshwa. Akithibitisha matokeo ambayo mafundi wasingeyatarajia, ana nafasi.

Nilimpima mama kwa kipimo hicho. Angeshindwa. Iliniuma kugundua kwamba sheria ilikuwa upande wangu.

Likizo iliyopita nilichukua aproni yake na ya fundi jirani, nikamimina maji mifukoni. Ya jirani ilivuja chini, kwenye mshono. Ya mama haikutoa tone. Nikaigeuza ndani nje: kitambaa cha mwavuli kilikuwa kipande kimoja kilichokunjwa, na chini hapakuwa na mshono wowote.

"Sindano ikipita, maji nayo yanapita," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

Wote walikuwa wameiga kitambaa. Mkunjo hakuna aliyeuona, hata mimi niliyelelewa kwa fedha ya aproni hizo. Pengine mkaguzi angeukataa na mkunjo pia. Lakini mimi nilimhukumu mama bila kugeuza mfuko.