Mzigo Ukae Wapi: Barua kutoka Bristol

Mjomba,

Nimesikia ujumbe wako kuhusu boti ya faiba ambayo mwanao anataka kuivuta kwa trela kutoka Shimoni hadi Diani. Waniuliza kama pikapu yake ina nguvu. Nguvu inayo. Mimi nahofia kuyumba.

Huku Agosti ikifika, njia ya Cornwall hujaa watu wanaovuta karavani. Mtu huacha nyumba yake ya matofali akaburura kijumba cha magurudumu hadi kwenye kiwanja cha majani, akakaa humo anakunywa chai na kutazama mvua. Nami ni mmoja wao. Wajukuu zako wanapenda, nifanyeje?

Katika kuvuta huko nimejifunza hofu hii: mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mkia hulemea na pua huinuka pale trela inapofungwa kwenye gari. Lori kubwa likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma. Mkia huenda kulia, hurudi kushoto, kila mara zaidi ya mwanzo, mpaka trela ndiyo inayoliendesha gari. Wewe hili walijua tangu ujana: jahazi ambalo farumi yake imepangwa vibaya halisikii usukani, hata nahodha awe nani.

Kwa hiyo huku tunapima. Uzito unaolala kwenye kiungo uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela na vilivyomo. Karavani ya kilo 1,300 ilalie kiungo kwa kilo 65 hadi 91. Wamarekani hutaka asilimia 10 hadi 15, maana trela zao zimeundwa vingine. Vizito hukaa chini, karibu na ekseli. Na anayeanza hushauriwa avute trela isiyozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake. Mwendo nao una sheria huku Uingereza: kwenye barabara ya kawaida mwisho ni kama kilomita 80 kwa saa.

Trela ikianza kuyumba, mwanao atoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawasawa, aiache ipoe yenyewe. Asikanyage breki kwa ghafla. Na asiwasikilize wale wanaosema ukiongeza mwendo trela hunyooka. Nimewasikia hata huku, watu wazima na ndevu zao.

Ataniambia trekta za miwa za Ramisi huvuta matela makubwa kila msimu. Kweli, lakini mwendo wake ni wa trekta. Yeye atakuwa kwenye lami ya Msambweni, malori ya Lunga Lunga yanampita, na kijana wako simjui kwa subira.

Sasa niulizie: mashine ya boti ataing'oa aipakie kwenye pikapu, au itabaki tezini? Maana mashine, betri na tangi la petroli vyote vikikaa tezini, pua ya trela itakuwa nyepesi, nayo itaanza kuyumba kabla hajafika Kanana. Nipigie baada ya Isha ya huko, na yeye awepo.